Roketi ya Sungura Isiyowahi Kupasuka

Sogeeni mkae. Aliyegombana na mwenzake leo akae upande ule mwingine, maana hadithi hii ina ugomvi wake wa kutosha, haitaki kuongezewa.

Kulikuwa na nchi ya wanyama, mvua ikakata miaka mitatu. Mto ukabaki mchanga. Kisima kikabaki tope, na tope nalo likakauka likapasuka kama visigino. Ndege walishahama zamani, wameifuata mvua huko ilikokwenda, na hawakuaga. Basi hakuwepo wa kuwaambia waliobaki maji yako wapi.

Mfalme alikuwa Simba. Simba hakusema ana kiu. Alisema taifa lina kiu.

Mkuu wake wa majeshi alikuwa Nyegere, mfupi, mgomvi, haogopi nyuki wala nyoka, na tangu azaliwe hajamwomba mtu samahani. Nyegere shida yake haikuwa maji. Shida yake ilikuwa Nyati walioko ng'ambo ya kilima. Kila asubuhi alimwambia Simba, "Mzee, wale jamaa wamekaa kimya mno."

Wakashauriana wawili, wakakubaliana itengenezwe roketi. Ipae juu ya kilima na mtu ndani, atazame huku na huku, kisha ashuke na mwavuli aje aseme alichokiona. Na wa kupanda wakamchagua Kinyonga, kwa kuwa macho yake kila moja huenda njia yake. Jicho moja litakuwa la serikali, litafute maji. La pili litakuwa la jeshi, liwatazame Nyati.

Kinyonga mwenyewe hakuulizwa. Alisikia kwenye ngoma ya mbiu kama watu wengine, na ikamchukua siku mbili kushtuka. Siku ya tatu akamwambia mkewe, aliyekuwa karibu kutaga, "Mke wangu, inaonekana nitarushwa."

Mkewe akamwuliza, "Na nani?"

"Bado hawajamchagua."

Ikatangazwa tenda. Atakayeipata, yeye na ukoo wake watakunywa wa kwanza kwenye maji yatakayoonekana, kabla ya mfalme, misimu saba. Kwa kiu ile, hiyo ilikuwa zawadi ya kumfanya mtu amsahau mama yake.

Wakajitokeza watatu.

Wa kwanza alikuwa Fisi. Ukoo wa Fisi ulikuwa ukifanya kazi za ikulu tangu enzi za babu yake. Yeye ndiye aliyejenga ua wa mfalme. Gundi ya kujengea ilikuwa ya ngozi, akairamba, ua ukawaangukia wageni. Mwaka uliofuata akapewa kazi ya kuujenga upya, maana ndiye pekee aliyekuwa na uzoefu na ua ule.

Wa pili alikuwa Nungu, mjane mwenye hasira za karibu. Ukoo wake ni wa kurusha miiba. Kutoka kwenye miiba wakahamia vijiti, kutoka kwenye vijiti mianzi, mpaka yeye akawa anarusha roketi nyuma ya nyumba na majirani wanalalamikia moshi. Kinyonga alikuwa akiishi kwenye ua wake, na hakulalamika. Alikuwa akijipaka rangi ya moshi, basi.

Wa tatu alikuwa Sungura. Sungura hakuwa na karakana, hakuwa na baruti, hakuwa hata na nyundo. Alikuwa na kofia nzuri na jina la kampuni, Juu Zaidi na Wenzake. Wenzake ni akina nani, hakuna aliyewajua.

Siku ya kusikilizwa, Simba akakaa kwenye jiwe lake na Nyegere pembeni.

"Fisi, wewe utarushaje?"

"Mzee, sisi tumeitumikia ikulu tangu babu."

"Sikuuliza babu. Nimeuliza roketi."

"Roketi itakuwepo, Mzee. Shahamu ya kuiendeshea tutapewa mitungi mingapi?"

"Saba, kutoka ghala la mfalme."

Fisi akameza mate. "Saba inatosha kuanzia."

Akaitwa Nungu. "Nimerusha tatu," akasema. "Mbili zimepasuka. Ya tatu imevuka kilima ikarudi."

Simba akainua nyusi. "Zimepasuka?"

"Ya kwanza utambi ulikuwa mfupi. Ya pili nilikaza mkia mno, moshi ukakosa pa kutokea. Ya tatu nikarekebisha."

Nyegere akasema, "Mama, unakuja mbele ya mfalme kusema umepasua mbili, na huoni haya?"

"Haya ya nini? Nimeulizwa nimejibu."

Watu wakacheka. Fisi akacheka kuliko wote, maana kicheko chake hakijui pa kusimama.

Sungura akavua kofia, akaishika kifuani kama mtu aliyekuja msibani. "Mzee, mimi sitaki kumsema mama yangu hapa. Ni mtu mzima, na ana miiba. Nitasema moja tu. Roketi ya kampuni yangu haijawahi kupasuka. Hata mara moja. Anayeijua iliyopasuka asimame."

Watu wakatazamana. Hakuna aliyesimama.

"Na itachorwa uso wa mfalme, singa zote zimesimama."

Simba akajiweka sawa kwenye jiwe. "Upande mmoja?"

"Pande zote mbili, Mzee. Na ikianza kupaa, itanguruma."

"Na jeshi je?" akauliza Nyegere.

"Jeshi nimeliwekea kucha, Mkuu."

"Kucha za nini?"

Sungura akashusha sauti. "Hayo tusiyaseme mbele ya raia."

Nyegere akaitikia kwa kichwa polepole. Hakuelewa, lakini alijiona ameheshimiwa.

"Mwulizeni amerusha ngapi," akasema Nungu kutoka nyuma.

"Mama," akasema Simba, "wewe ulishasema."

Jua halijafika utosini, Sungura akawa na mkataba. Kinyonga naye akawa na mtu wa kumrusha.

Sasa Sungura ana kazi na hajui kutengeneza hata mpini wa jembe. Akaenda moja kwa moja kwa Fisi.

"Hodi, shemeji."

"Shemeji wa wapi?" Fisi akamjibu bila kuinuka. "Ulikuja kumposa dada yangu. Ukala sufuria tatu hapa, ukasema unakwenda kuwaita wazee wako. Mwaka wa nne huu. Wazee wako wanatembea kwa magoti?"

"Shemeji, posa ile haijavunjika. Imelala tu. Leo nimekuja kuiamsha." Akajikalisha. "Mimi nina mkataba, wewe una mikono. Tengeneza wewe, jina liwe langu, na kwenye maji tutasimama pamoja. Ile mitungi saba ya shahamu nitaileta hapahapa kwako."

Fisi alisikiliza mpaka kwenye neno shahamu. Ya mbele hakuyasikia. "Ilete," akasema.

Ikaletwa. Siku ya kwanza Fisi akaramba mfuniko. Si wizi, mfuniko si mtungi. Siku ya pili akaona mtungi mmoja umejaa kupita wenzake, akaupunguza. Siku ya tatu akaona sasa ule ndio umepungua kupita wenzake, ikabidi wote asawazishe. Akasawazisha siku nne. Wiki ilipokwisha mitungi ilikuwa mitupu na misafi kama imetoka kuoshwa.

Hapo ndipo Fisi alipokumbuka roketi. Akachukua gogo lililotobolewa ndani, akalishindilia udongo wa kichuguu mpaka katikati, chini akatia baruti konzi moja ili itoe moshi, akampelekea Sungura. Sungura akalisukuma kwa bega. Zito. "Kazi nzuri," akasema. Ndani hakuchungulia, maana mtu akichungulia anajua. Akaita wachoraji.

Nungu akaja kuiona roketi kabla ya siku yake. Sungura akamzuia mlangoni. "Mama, hii ni siri ya jeshi."

"Nataka kunusa tu."

"Hata kunusa ni siri."

Lakini pua haizuiliwi na mlango. Nungu akarudi nyumbani, akasimama chini ya ua wake. "Jirani, shahamu huwa inanuka. Kile chombo kinanuka shamba. Mimi ningekuwa wewe nisingepanda."

Kinyonga akafikiri, mguu mmoja hewani. "Nikikataa nitaitwa msaliti. Nikisema roketi ni mbovu, ina uso wa mfalme pande zote mbili. Nitakuwa nimesema mfalme ni mbovu."

"Basi utakufa?"

"Bado nafikiri," akasema Kinyonga.

Ikafika asubuhi ya kurusha. Roketi ikasimamishwa kwenye mteremko wa kilima, upande wa huku, imepakwa rangi, uso wa Simba huku na huku, na chini kucha nne za mti zisizo na kazi. Nchi nzima ikaja, midomo imekauka, ngozi zimechanika. Mke wa Kinyonga akaja na tumbo lake, akakaa mbele.

Kinyonga akaanza kupanda ngazi. Mguu mbele, mguu nyuma, anayumba, anatulia.

"Panda, askari," akasema Nyegere.

"Ninapanda, Mkuu. Hivi ndivyo ninavyopanda."

Jua likaja juu yuko katikati ya ngazi. Jicho moja lilikuwa linatazama mlango wa roketi, na mlangoni aliona udongo. Jicho la pili lilikuwa nyuma linawatazama watu. Likapita kwenye nyuso zote zilizokauka, likafika kwa Fisi, likasimama. Kidevu cha Fisi kilikuwa kinang'aa. Shingo yake inang'aa. Mwaka wa tatu wa ukame, mtu amenawiri kama bwana harusi.

Kinyonga akajua. Akageuka, taratibu, akajigeuza rangi ya adabu.

Mnapaswa kujua kwamba katika nchi ile mtu hampi mgeni chakula wala kinywaji kabla hajakionja mwenyewe, mgeni akimwona. Simba mwenyewe nyama hali mpaka aliyeileta aing'ate kwanza. Asiyeonja huhesabiwa ametia sumu.

"Mzee," akasema Kinyonga, "nashukuru kwa heshima hii. Chombo kizuri, nakiona. Ila mimi ndani humu ni mgeni, na nimelelewa na mama. Mwenye chombo atangulie aonje. Aingie, kiwashwe, apae, ashuke. Kisha mimi nitapanda bila neno."

Watu wakanong'ona. Bibi mmoja akasema kwa sauti, "Kweli, hawajaonja." Na wengine nyuma, "Aonje. Aonje kwanza."

Simba akatazama kulia, akatazama kushoto. Mila ile ndiyo iliyomweka hai. "Ni haki yake," akasema. "Sungura, onja."

"Mzee, mimi masikio yangu ni marefu, na ule mlango—"

"Yakunje."

"Mzee, na shughuli za mkataba nazo—"

"Kunja masikio, Sungura."

Sungura akakunja sikio moja, akalikunjua. "Mzee, tukifuata mila sawasawa, anayeonja ni mpishi. Mimi sikupika. Aliyepika ni shemeji yangu huyu hapa."

"Leo ni shemeji," akasema Fisi. "Siku ulipofuta mdomo ukaondoka nilikuwa nani?"

"Nilikupa mitungi saba, Fisi."

"Ulinipa kazi, wewe ukabaki na kofia."

"Shahamu iko wapi?"

"Unaniuliza mimi shahamu? Sufuria tatu za dada yangu ziko wapi?"

"Kwa hiyo umekula ya mfalme kulipiza yangu?"

"Nimekula kwa sababu ilikuwepo," akasema Fisi.

Wakaendelea hivyo, huyu akitoa la mwenzake na mwenzake akitoa la huyu, mpaka hakuna la ndani lililobaki ndani. Haikuhitajika kamati ya uchunguzi. Watu walisimama tu wakasikiliza.

Nyegere akauliza, "Kwa hiyo humo ndani mna nini?"

"Udongo," akasema Fisi. "Lakini mzuri. Wa kichuguu."

Simba akautazama uso wake kwenye gogo. Uso nao ukamtazama. Kusema amekosea hakuweza, hajafundishwa. Akasema, "Jina la kampuni si Juu Zaidi na Wenzake? Ingieni, wewe na mwenzako. Washeni."

Wakasukumizwa ndani, masikio na yote. Utambi ukawashwa. Konzi ya baruti ikalipuka, moshi ukatoka, gogo likanguruma kidogo kama lilivyoahidiwa. Kisha likainama. Likalala. Likaanza kubingirika kilimani, na uso wa mfalme juu, chini, juu, chini, nchi nzima ikiutazama, mpaka likajigonga kwenye mchanga wa mto mkavu.

Fisi akatoka nyuma akichechemea. Sungura akatoka mbele, sikio moja limekunjika lenyewe sasa. Akajipangusa udongo. "Mtanishuhudia," akasema, "haijapasuka."

Dada yake Fisi akateremka kilima peke yake, akamvua kofia kichwani, akaivaa yeye. "Na ile posa uliyokuja kuiamsha," akamwambia, "nimeizika." Akaondoka.

Simba akamwita Nungu. Samahani hakusema. Alisema, "Mama, wewe tulikuwa tumekuweka akiba."

"Nimewekwa sana, Mzee."

"Basi nawe lete yako, na uonje."

"Nilishaonja. Ile ya tatu nilipanda mwenyewe." Nungu akageuka akawaonyesha mgongoni, miiba ya nyuma imeungua imebaki vigutu.

"Sasa mbona maji hukuyaona?" akauliza Nyegere.

"Mimi mchana sioni hata mlango wangu. Nilikwenda kujua kama mtu anarudi."

Wakaileta roketi yake, mianzi iliyofungwa kwa kamba, haina uso wala kucha. Jua lilikuwa limeanza kuinama. Kinyonga akaizunguka polepole.

"Bi Nungu, itapasuka?"

"Yaweza. Zile mbili najua zilipasuka kwa nini, nimeziba hapo. Kama hii ina sababu yake nyingine, sijaijua."

Kinyonga akazigusa kamba, moja baada ya nyingine. Mkewe akafumba macho.

"Hilo ni jibu ninaloweza kupanda nalo," akasema. Akapanda.

Nungu akawasha. Mianzi ikalia, kamba zikakaza, na roketi ikaondoka, si kwa maringo, ikaondoka tu. Ikavuka kilima, ikawa kijiti, ikawa mwiba, ikapotea. Mkewe hakufumbua macho. Watu wakakaa wamekodoa mpaka shingo zikauma. Kisha juu kabisa likaonekana doa linaning'inia chini ya kanga mbili zilizoshonwa pamoja, linateremka bila haraka, kama kawaida yake.

Alipogusa ardhi wote wakamzunguka. Kinyonga akaanza kwa kusalimia. Akamsalimia mfalme, akamsalimia mkewe, akawasalimia wazee, mmoja mmoja.

"Nyati," akasema Nyegere. "Tuambie Nyati."

"Nimewaona. Wamelala kwenye kisima kikavu, ndimi nje. Hawana nguvu ya kufukuza nzi."

Nyegere hakufurahi. "Una hakika umetazama na jicho la jeshi? Isije ikawa la serikali."

"Na maji?" akauliza Simba. Sasa sauti ilikuwa ya mtu mwenye kiu.

"Yapo. Mengi. Ndege wote wako huko."

"Wapi?"

Kinyonga akamtazama kwa macho yote mawili, jambo ambalo hulifanya mara chache. "Mzee, nikisema wapi, kesho mtatangaza tenda ya kwenda. Nitawapeleka mwenyewe."

Simba akamwambia apande mgongoni kwake waende upesi. Kinyonga akakataa. Akasema akikaa mgongoni kwa mfalme atakuwa rangi ya mfalme, na watampoteza.

Basi nchi nzima ikatembea nyuma ya Kinyonga. Mguu mbele, mguu nyuma, anayumba, anatulia, na mfalme nyuma yake anatulia, na jeshi zima linatulia. Nyegere akipiga kelele, Kinyonga alisimama kwanza akumbuke alikuwa ameinua mguu upi. Nyegere akajifunza kunong'ona. Siku ya nne walipita kambi ya Nyati. Nyati wakainuka, wakaona watu wanakwenda mahali, wakafuata. Na kwa mwendo ule hakuna vita inayowezekana. Nyegere alitembea siku tano bega kwa bega na jemadari wa Nyati. Siku ya kwanza waliishiwa matusi. Siku ya tatu walikuwa wanaulizana habari za watoto.

Wakafika. Nungu akanywa wa kwanza, akanywa mpaka akakaa chini. Akafuata Kinyonga na mkewe, kisha Simba, ambaye alikunywa kama mtu yeyote, kisha wengine wote, na Nyati pamoja nao.

Kwa Sungura na Fisi, Simba alikuwa ametoa amri: wanywe baada ya wote, na yule aliyekosa zaidi awe wa mwisho. Basi wakabaki wawili ukingoni, na kila mmoja akasema wa mwisho ni mwenzake.

"Wewe ndiye uliyekula."

"Wewe ndiye uliyenipa."

Fisi akamshika Sungura sikio ili asitangulie. Sungura akamshika Fisi mkia. Mtu ukitafuta kazi ya kuwabeba wenzako juu, basi uwe tayari kutangulia mwenyewe. Wale waliokataa kutangulia siku ya kupaa, sasa kila mmoja anataka kutangulia kwenye maji.

Watu wamekunywa wameondoka, majani yameota. Wao wako palepale, midomo imekauka, maji yako hatua mbili, na anayetaka kujua nani alikosa zaidi aende akawaulize. Mimi niliwaacha bado wanahesabiana sufuria.